Mapengo Kumi na Moja ya Kipande cha Nne

Jumamosi, 3 Mei

Neema, mtoto wangu, amechomoa kijiti cha namba cha kipande cha tatu sasa hivi na kukifanya mswaki. Nimekirudisha kabla hajaitafuna namba yote. Ana mwaka mmoja na nusu, hakuna kitu hajaonja kwa hili shamba.

Nimehesabu. Kila Jumamosi asubuhi nahesabu kabichi zilizonyauka na kuandika kwa kitabu cha Nyambura. Kipande cha kwanza kina chokaa. Cha pili, mbolea ya kuku. Cha tatu, vyote viwili. Cha nne hakina kitu, ni kabichi na Mungu wake tu. Hapo ameniambia nisitie dawa, nisitie mbolea, hata majivu ya jiko nisitie. Nimetii.

Nyambura ni dada yangu mkubwa. Anasomea afya ya mimea, digrii ya pili. Mchana anauza dawa za shamba Nakuru mjini, jioni na Jumamosi yuko darasani. Mimi niliachia Form Two. Hapa Dundori shamba ni letu, yeye ameazima hivi vipande vinne tu. Chuo kimempa mpaka Desemba amalize. Akipita, amesema atanitafutia shule ya watu wazima. Hiyo sijamwambia mtu.

Jumatano, 7 Mei

Nina hasira. Kipande cha nne kinakufa. Ukichimbua moja, mizizi imevimba kama tangawizi. Shosho, mama ya mume wangu Kamau, amesimama pale kwa muda mrefu, halafu akasema shamba langu linacheka kama mzee asiye na meno. Ijumaa akina mama wa kanisa wanakuja kwangu kwa maombi. Watapita hapo hapo. Nani atajua ni masomo? Watasema bibi ya Kamau ni mvivu.

Na Nyambura hashiki simu. Tangu aanze hiyo digrii ana maringo. Ananituma kama mfanyakazi, asante anasahau.

Nimeng'oa zilizokufa. Nimeziba mapengo na miche iliyobaki kwa nasari. Kumi na moja. Safu ya pili: shimo la tatu, la nne, la saba, la tisa. Safu ya nne: la kwanza, la pili, la sita, la nane. Safu ya tano: matatu ya mwisho. Naandika ndio nisisahau kuzimwagilia, mvua imekataa wiki hii na mche mgeni hufa haraka.

Sasa kunapendeza. Roho imetulia.

Jumamosi, 10 Mei

Kipande cha nne, zilizonyauka: sifuri. Nimeandika sifuri. Akina mama walisifu shamba. Shosho pia.

Jumapili, 25 Mei

Nyambura amekuja. Gumbuti miguuni, mkoba wa vitabu, maziwa lala ya Neema. Amesoma kitabu akiwa amesimama, akarudi nyuma, akasoma tena. Akaenda kipande cha nne akachuchumaa.

"Hiki ndicho shahidi wangu," akasema. "Kinafaa kuugua. Kisipougua, siwezi kusema chokaa imesaidia."

Sikujua. Aliniambia nisitie kitu, hakuniambia nisizibe pengo. Nani huacha pengo?

Akang'oa moja ya safu ya nne. Ndogo, lakini mizizi safi, myeupe. Akaigeuza geuza. Akaniuliza kama vijiti vimewahi kuhamishwa.

"Neema huvichomoa," nikasema.

Si uongo. Lakini nilijua ninachofanya.

Nyambura amekaa chini kwa udongo, na suruali yake nzuri. Amesema basi hawezi kujua namba ipi ni ya kipande kipi. Alhamisi mwalimu wake wa chuo anakuja kuona. Atamwambia msimu umeharibika, aombe kuanza upya. Desemba yenyewe imeenda. Hakumkasirikia Neema. Amembusu, kisha akafunga kila kijiti kwa waya ndio asiweze tena.

Hiyo busu imeniuma kuliko matusi.

Jumatatu, 26 Mei

Neema anazunguka vijiti, anavuta, havitoki, analia. Nimemsingizia mtoto ambaye hajui hata kusema hapana. Ni aibu. Sina neno lingine.

Nimempigia Kamau, baba yake. Yuko Kikopey, huchoma nyama huko na kuja nyumbani mwisho wa mwezi. Amecheka, ati ni kabichi tu, wacha. Nikamwambia si kabichi. Nikakata.

Nikisema ukweli, Nyambura ataona ni mimi nimemharibia. Shule yangu nayo basi.

Nisiposema, Neema atakua akiambiwa ndiye aliharibu digrii ya auntie. Itakuwa hadithi ya kuchekwa kila Krismasi. Na mimi nitakuwa nimekaa hapo nikicheka na wao.

Jumanne, 27 Mei

Nimesema. Saa saba mchana, kwa simu, Nyambura akiwa dukani. Nimesema yote bila kupumua. Nikasikia mteja akiuliza dawa ya kupe, naye Nyambura akimwambia boss ngoja kidogo.

Kisha: "Kanini, uliziba mashimo gani?"

Hajaniita Kanini, jina langu la utoto, tangu nizae. Nikasema nimeandika.

"Kwa kitabu changu?"

"Kwa changu."

Akasema asubuhi ya Alhamisi nimpe hiyo karatasi. Nikauliza kama naweza kuinakili vizuri. Akakataa. Mwalimu atataka ile ile ya siku hiyo, na mwandiko wa siku hiyo. Akakata.

Nimefungua tarehe saba. Mashimo yapo. Maringo pia yapo. Mfanyakazi pia yuko. Nimeshika kalamu nikitaka kuyafuta. Nikaona nikifuta hayo, mashimo nayo nani ataamini. Nimeacha.

Alhamisi, 29 Mei

Mwalimu ni mama mtu mzima, gumbuti zake zimechakaa kuliko zangu. Nyambura alisoma karatasi mbele yake. Niliangalia kuku. Alifika kwa maringo, akaurudia mstari kwa macho. Kisha akasoma mashimo tu kwa sauti, safu kwa safu, na mwalimu akahesabu kwa kidole.

Mwalimu alimwambia azing'oe hizo za kuziba zilizobaki, mashimo yote kumi na moja yahesabiwe yamekufa tangu tarehe saba, na kosa liandikwe kwa ripoti vile lilivyotokea. Vipande vingine viko sawa. Msimu haujaenda. Kosa lililoandikwa siku yake, akasema, bado ni kazi.

Wakiondoka, Nyambura alirudi kutoka kwa lango. Uso mkavu.

"Maringo, eh?"

Nikatafuta pa kujificha, shamba lote halina.

"Asante," akasema. "Hiyo pia uiandike."

Nimeiandika.

Jumapili, 8 Juni

Manyunyu. Kabichi za kipande cha tatu zimeanza kufunga. Za cha nne zinanyauka vile zinatakiwa, naziangalia nikizionea huruma na siendi karibu.

Nyambura ameniletea daftari langu la kuhesabia. Kwa jalada ameandika jina langu lote, lile la shule. Nimelisoma mara nyingi.

Shosho amepita, akauliza yale meno yamepotelea wapi tena. Nikamwambia haya yameng'olewa na daktari. Amecheka mpaka akashika ua wa boma.

Neema nimemkatia kijiti chake, hakina namba. Nilimwomba msamaha nikimvisha sweta. Alinipiga nacho kichwani. Nimechukua hiyo kama jibu.

Nyambura yuko huko chini anahesabu. Nataka kumuuliza ile shule ya watu wazima inafungua lini, na kama mtu wa Form Two anaanzia pale alipoachia ama anarudishwa nyuma. Nimeandika maswali manne. Nitaanza na lile rahisi. Sasa ananiita, ati nikuje haraka, Neema ametupa kijiti chake na amefungua waya wa kipande cha nne. Naenda.