Harusi ya Bei Nafuu, Nyumbani Kwako

Chumba cha Habari, Ghorofa ya Pili,
S.L.P. 214.
Jumanne, 9 Juni.

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako wa mwisho. Kabla ya lolote, wifi anaendeleaje? Mshono wa mgongo umekauka? Anaweza kugeuka kitandani bila kushikwa, au bado? Uliniambia daktari kampa wiki sita za kulala, na hatua chache tu kwa mkongojo. Kwa hesabu yangu zimebaki nne. Mimi ni mzima, ila magoti yanazilalamikia ngazi za ofisi.

Barua hii nampa dereva wa basi la kesho ikufikie kabla ya Jumapili. Simu nimeikwepa makusudi. Unaipokea kando ya kitanda cha mgonjwa, na sitaki asikie haya.

Binti wa ndugu yetu seremala anaolewa tarehe nne Julai. Hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba anaolewa nyumbani kwako.

Wazo lenyewe lilianza vizuri: harusi ya mbali, ufukweni, watu wachache, gharama ndogo. Hoteli zilipotaja bei, kamati nzima ikakohoa. Ndipo mwenyekiti, yule kaka wa mama wa bibi harusi tunayemwita Bwana Ratiba, akauliza kwani wewe huna nyumba hatua chache kutoka baharini. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa safarini kikazi. Niliporudi, jambo lilikuwa limeshapikwa na kupakuliwa.

Jumamosi nikaitwa kwenye karakana ya seremala, kikao kikifanyika juu ya mbao na maranda, nikafanywa katibu kwa kuwa naandika upesi. Nikapewa karatasi ya manila niinakili. Ilikuwa ramani ya nyumba yako. Watu thelathini na mmoja, choo kimoja. Sebule: wanaume kumi na wawili. Chumba chenu cha kulala: "bibi harusi kuvalia, kuna kioo kirefu." Stoo ya kando ya jiko: "mgonjwa."

Nimeripoti mafuriko, ajali na wanasiasa kwa miaka ishirini na sita bila kalamu kusita. Kwenye neno lile moja ilisita.

Nikauliza nani amezungumza na wewe. Bwana Ratiba akamtazama ndugu yetu. Ndugu yetu akatazama dari.

"Mimi nilidhani wewe, shemeji," akasema.

"Mimi? Mimi mwenyekiti, sio posta."

Nikawakumbusha kwamba kuna mtu pale amepasuliwa uti wa mgongo.

"Si ameshatoka hospitali?" akajibu Bwana Ratiba. "Mgonjwa akiona watu hupata nguvu. Na wewe mwandishi, hapa hatukuja kuhojiwa. Andika tu: mwenyeji ameridhia."

Sikuandika. Nilifunga kalamu nikaiweka mkobani. Mama mmoja nyuma akanong'ona, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, kwamba mwanamke hodari wa kuhoji hajui jiko, ndiyo maana gazeti langu halina ukurasa wa mapishi. Wakacheka. Ndugu yetu naye alicheka, Kaka, na hilo ndilo ninalolimeza kwa shida kuliko yote.

Kadi zimeshachapishwa. Nimekuwekea moja humu ndani. Picha utaitambua: ni baraza yako, ile picha uliyotutumia sote siku wifi aliporudi kutoka hospitali, amekaa kitini na blanketi magotini. Wamemkata. Wameandika chini, "Makazi Binafsi ya Ufukweni." Lakini aliyekata hakuwa fundi. Tazama pembeni kushoto: imebaki ncha ya mkongojo wake.

Jana bibi harusi alipitia ofisini akitoka zamu ya wodini, bado amevaa sare ya uuguzi. Alikuja kunishukuru kwa kazi ya ukatibu. Akaniambia moyo wa mama mkubwa umemgusa, mtu katoka kupasuliwa na bado anamkaribisha. Ndivyo alivyoambiwa. Sikumhubiria. Nilimpa kadi, nikaweka kidole pale pembeni.

"Hii ni nini, shangazi?"

"Mkongojo wa mama yako mkubwa."

Akaisogeza dirishani kwenye mwanga. Kisha akauliza wanapanga alale wapi, nikamwonyesha ile nakala ya ramani. Akakaa. Yeye anajua kuliko sisi sote mgongo wa namna hiyo unataka nini.

"Nikikataa mimi, watasema nimemdharau baba kwa ajili ya kiburi cha mshahara," akasema. "Akikataa baba mkubwa, hakuna wa kubisha. Mwambie akatae, shangazi. Mimi nitafunga ndoa hata pale karakanani, maranda yafagiliwe tu."

Basi, mambo ni hivyo. Jumapili saa kumi jioni watakupigia simu wakiwa wamekaa wote, sauti ya simu imefunguliwa kila mtu asikie. Watakusifu kwanza. Watasema damu ni nzito kuliko maji, na mama wa bibi harusi atalia kidogo. Toka nje uende kuipokea barazani. Usianze na samahani, maana wataishika hiyo samahani wakuburute nayo mpaka stoo. Sema hapana, halafu nyamaza. Bibi harusi atakuwa amekaa katikati yao, anaisubiri hiyo hapana kuliko mtu yeyote.

Watasema ni mimi niliyekuchochea. Waambie ndiyo.

Nisalimie wifi, lakini kadi umfiche mpaka atakapoweza kucheka bila mshono kumuuma. Wasalimie wanao pacha, na jirani yenu mwalimu anayewapikia. Mungu ampe wifi mgongo wa kusimama wima, na wewe akupe ulimi ulionyooka vivyo hivyo.

Ni mimi dada yako akupendaye,
katibu aliyejiuzulu.