Leonia Alivyohesabu Wanawake wa Kibirizi

Rusimbi,
Kigoma.
25 Septemba 2025

Mpendwa shemeji Nikodemu,

Shikamoo. Hamjambo hapo Tanga, wewe na Rozalia na watoto? Goti lako linaendeleaje? Ulipoondoka hapa baada ya mazishi ulikuwa unalishika kila ukiinuka, nami sijasahau. Sisi tu wazima. Joto limezidi, tunasubiri mvua. Yule kuku mweupe uliyesema ana kiburi bado yupo, na kiburi chake.

Simu yako ya Jumapili ilikatika nikiwa ndiyo kwanza naanza kukueleza habari za Leonia. Habari yenyewe ni ndefu, basi nimekaa niandike.

Mwanao yuko hapa tangu Agosti. Chuo kimewatuma kujifunza kazi kwa vitendo, wenyewe wanaita fildi, naye amepangiwa manispaa, kwenye mradi wa kujenga chanja mpya za kuanikia dagaa pale Kibirizi. Yuko na mwenzake Happiness, msichana wa Iringa ambaye hakuwahi kuliona ziwa. Siku ya kwanza alionja maji ahakikishe kama kweli hayana chumvi. Wamepewa vizibao vya rangi ya chungwa, na Leonia anakifua chake kila jioni kama sare ya shule.

Kazi yao ilikuwa kuwahesabu waanikaji na kuchora kila mmoja anaanika wapi. Aliyemo kwenye mchoro atajengewa chanja. Eneo litakalobaki litakuwa la kuegesha malori. Walihesabu siku tatu, wakapata wanawake ishirini na wanne, wakamkabidhi mhandisi mchoro. Leonia alirudi anaimba.

Nikamwuliza walihesabu lini. Akasema wiki ile ya tarehe saba. Shemeji, ilikuwa mbalamwezi! Ulihama Kigoma ungali kijana, lakini nadhani unakumbuka kwamba mwezi ukiwaka taa za mitumbwi hazivuti dagaa. Wavuvi wanakaa nyumbani, wanawake wanakwenda shamba au wanafua, na ufukweni wanabaki wachache wanaomalizia mzigo wa nyuma. Wengine wote wangepoteza sehemu zao.

Sikutaka kumvunja moyo. Nikamwuliza tu, "Baba yako alikuwa anakusuka nywele wiki gani?"

Marehemu Thobias, mdogo wako, alikuwa akimsuka wakati wa mbalamwezi, kwa kuwa ndipo alipokuwa na nafasi. Alifunga mafundo ya nyavu, kuyafumua mpaka utafute mkasi. Leonia alicheka kwa kumbukumbu hiyo. Halafu akashika kichwa.

"Mama, nimeshakabidhi. Na mhandisi ndiye atakayenipa alama."

Nikamwambia aamue mwenyewe. Asubuhi hakunywa chai. Alikwenda kwa mhandisi akakiri kwamba wamekosea, na kwamba kosa ni lake zaidi kuliko la Happiness, maana yeye ni mtoto wa mvuvi. Mhandisi akawarudishia mchoro, akasema wakahesabu upya mbalamwezi ikishaisha. Kuhusu alama hakusema neno, na Leonia alikonda wiki nzima.

Wiki iliyopita giza lilikuwa limerudi na Kibirizi imejaa. Marsiana, jirani yangu wa pale ufukweni, ndiye aliyewapokea.

"Karibuni wasomi! Mlikuja kutuhesabu tumelala, leo tuhesabuni tuko macho. Na mimi mniandike mara mbili, mwili huu si wa mtu mmoja."

Happiness aliandika mara mbili kweli, ikabidi wafute.

Walipata sitini na wawili. Kisha Happiness akaona sehemu tupu kando ya Marsiana, imefagiwa vizuri, beseni limefudikizwa juu ya mchanga. Akauliza kama wairuke.

"Thubutu!" Marsiana akasema. "Huyo yuko Rusimbi anapumzika. Andika Mama Leonia. Anayefagia ni mimi."

Jioni Leonia alinionyesha karatasi. Namba sitini na tatu ni mimi. Tangu tulipomzika Thobias Novemba sikuwa nimekanyaga Kibirizi, shemeji. Niliamini sehemu yangu imeshachukuliwa, wala sikumlaumu mtu. Niliishika ile karatasi mpaka chai yangu ikapoa.

Alama bado hazijatoka. Lakini mchoro mpya umepokelewa, na kesho Leonia ndiye atakayewaelezea waanikaji mbele ya mhandisi. Ameshajaribu kwangu mara nne. Mara ya tatu nilisinzia, nisamehewe.

Mimi nilikwenda Jumatatu. Beseni langu la bluu limepauka juu yote kwa jua. Nikaligeuza. Marsiana alinisogezea dagaa nusu ndoo.

Nisalimie sana Rozalia, na watoto kila mmoja kwa jina lake. Leonia anakuamkia baba yake mkubwa, na Happiness naye anasalimia ingawa hamjaonana. Mwenyezi Mungu alinde goti lako na nyumba yako, na atukutanishe tukiwa na afya.

Ukinipigia asubuhi nisipopokea, usiwe na wasiwasi kama zamani. Piga mchana, nitakuwa nimeshanawa mikono.

Ni mimi shemeji yako nikupendaye,
Yusta, Mama Leonia