Mfalme Anayeuliza Mara Mbili

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie kabla wembe haujaniponyoka, maana kazi yangu ni kumnyoa mfalme ndevu kila asubuhi. Mfalme wetu si katili, ila ana kiburi cha kutotaka aonekane ana upungufu, na sikio lake la kushoto limekufa tangu alipougua mwaka juzi, jambo ninalolijua mimi tu kwa kuwa ndimi ninayemshika kichwa, naye akaniapisha nisimwambie mtu, basi akiwa barazani huuliza jambo moja mara mbili ili ahakikishe alichosikia, na wakubwa wote wanadhani amechukizwa na jibu la kwanza, wanaligeuza haraka, naye anawaona vigeugeu, leo mtu ni kipenzi kesho kafukuzwa, na mimi nimebaki kipenzi kwa sababu narudia jibu langu lilelile.

Juzi aliitwa mkaguzi wa madaraja, ndugu wa mke wangu, akanipitia kwanza, "Shemeji, wewe unamjua mzee, niende naye vipi?" nami kwa kulinda kiapo, na niseme kweli, kwa kulinda nafasi yangu, nikamwambia wanachosema wote, "Akirudia swali, geuza jibu." Akaingia, akasema daraja la sokoni lina ufa, lifungwe, mfalme akauliza tena, akajibu ni zima kabisa. Amefungwa kwa kumdanganya mfalme, na daraja liko wazi, wanangu wanalipita kwenda shule. Mke wangu ananiwekea chakula na kwenda kula jikoni peke yake. Jana nikimpaka mfalme povu akaniuliza, "Yule mwongo ni nani yako?" Nikasema, "Ni wa mbali tu, mtukufu." Akauliza tena, nikarudia vilevile, akaridhika. Maji yamenifika shingoni. Nifanye nini?

Kinyozi

Kinyozi,

Barua yako sitaichapa gazetini. Nakujibu kwa mkono, na ukimaliza kusoma uichome.

Pole. Lakini pole yangu ni fupi, kwa sababu aliye ndani si wewe. Hukuapa kumpotosha shemeji yako. Ungemwambia tu "shikilia jibu lako", na hakuna kiapo ambacho kingevunjika. Hukusema kwa sababu ulipenda kuwa wewe peke yako unayeaminika. Wale wakubwa wanageuza majibu kwa hofu, hawajui kitu. Wewe ulijua, bwana, na bado ukamkana ndugu wa mkeo mara mbili huku povu likikauka mkononi.

Usimwambie mtu mwingine yeyote. Mwambie mfalme mwenyewe, maana siri ni yake, na ajue kiburi chake kimefukuzisha watu wangapi waliokuwa wanamwogopa tu. Huenda akakufukuza na wewe. Ndevu zinaota kila mtaa, hutakosa kazi. Ila daraja likianguka na wanao juu yake, hakuna atakayekurudishia.

Fanya kesho, usingoje wiki iishe. Mnyoe umalize. Osha wembe, uweke mezani mbali na mkono wako, ndipo uhamie upande wake wa kulia. Sema: "Yule ni shemeji yangu, na mimi ndiye niliyemfundisha kugeuza jibu. La kwanza ndilo la kweli."

Atakuwa amesikia vizuri, na bado atakuuliza tena. Usigeuze neno.