Kovu Ambalo Tumbo Langu Halina

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla mwezi huu haujaisha, maana mimba yangu ina miezi minane na kliniki siendi, si kwa uvivu wala kwa kukosa bima, bali kwa sababu ya kovu ambalo sina.

Mimi nilizaliwa Karagwe, wazazi wangu wakarudi Rwanda nikiwa mdogo, nikaolewa hapa Gisenyi na Vénuste, ambaye kwao walirudi kutoka Kongo, naye ana dada mmoja, Cansilde, aliyebaki Goma akiuza vitenge. Miaka miwili iliyopita Cansilde alivuka mpaka pale Grande Barrière akiwa na uchungu wa siku mbili, mtoto amelala vibaya tumboni, na hospitali ya huko Goma walikuwa wamemwambia bila pesa mkononi hapasuliwi, akaingia kwangu akishika ukuta, akasema, "Mama Gwiza, nipe kitambulisho yako, mi nakufa," nami nikasita, nikasema mutuelle ile, bima yetu ya afya, tumeilipia watu wa nyumba hii tu, ndipo Vénuste akafoka, "Bon, utaacha mutu afe juu ya karatasi? Ile picha hata we mwenyewe haikufanani, nani atajua?" nikakitoa, mshauri, kwa mkono wangu huu huu, akaenda hospitali akiitwa mimi, akapasuliwa akiitwa mimi, kundi la damu yake likaandikwa kwenye jina langu, na mtoto, Manzi, akasajiliwa kuwa wangu. Yeye analelewa Goma na mama yake, lakini kila mwaka tunamlipia, maana unajua mwenyewe, mmoja wa nyumba asipolipiwa hatibiwi hata mmoja, na hilo sikulalamika, mtoto ni wetu, nikadhani yamekwisha.

Sasa nimepata mimba. Nilikwenda kituo cha afya mara moja tu, mwezi wa tatu wa mimba, muuguzi akasoma kwenye kompyuta akasema, "Mama, kumbe ulipasuliwa. Wenye kovu hatuwazalishi hapa, tutakuandikia hospitali. Panda kitandani nione limepona vipi," nikasema naomba kwanza niende chooni, nikapita choo, nikapita geti, nikapanda moto, pikipiki ya abiria, mpaka nyumbani bila kugeuka nyuma, na sijarudi tena. Gwiza nilimzaa kawaida, tumbo langu ni laini kama la msichana, ningemwonyesha nini? Mhudumu wa afya wa mtaa wetu, Nyirarukundo, amekuja mlangoni mara nne akitaka daftari la kliniki, namwambia liko kwa mume wangu, na juzi akacheka, akasema, "Na mimba nayo iko kwa mume wako?"

Vénuste anafanya kazi ya ofisi, anasema nikisema ukweli atafukuzwa na sisi wote tutaitwa wezi wa mutuelle. Cansilde amepata suluhisho lake, amepiga simu akisema, "Kuja huku uzalie kwa jina yangu, donc tunakuwa quitte, hakuna deni tena." Vénuste amekubali, ananiambia nivuke wiki ijayo. Mimi naogopa kuvuka, naogopa kubaki, naogopa kuzalia nyumbani. Nifanye nini?

Mama Gwiza, Gisenyi, wilaya ya Rubavu

*

Mama Gwiza,

Barua yako ilifika Jumanne. Nilipiga namba uliyoiacha mara tatu, hukupokea, kwa hiyo nakujibu hapa ukurasani. Majina yote nimeyabadilisha.

Usivuke. Ukifika huko utadaiwa pesa taslimu, jambo lile lile lililomkimbiza Cansilde akaja kwako akishika ukuta. Na faili la Cansilde litaandikwa uzazi ambao hakuzaa, kama lako lilivyoandikwa. Uongo wa kwanza uliokoa watu wawili, na sitakulaumu kwa kuwa hukumwacha wifi yako afe sebuleni. Huu wa pili haumwokoi mtu yeyote. Unaficha tu.

Bila kukutaja, nilimuuliza mkunga mwenye miaka ishirini na miwili kazini. Alisema damu hupimwa upya kabla ya kuongezwa, kwa hiyo hilo lisikukoseshe usingizi sana. Kilichomtisha ni kovu. Mwanamke mwenye kovu la zamani huzalishwa kwa tahadhari nyingine: kuna dawa za uchungu ambazo hapewi, na dalili ndogo tu hutosha kumpeleka chumba cha upasuaji, kwa hofu kwamba kovu litaachia. Ukifika ukiwa unavuja damu na huwezi kusema, faili ndilo litakalokusemea, nalo litasimulia habari za Cansilde. Na kibaya zaidi ya faili, alisema, ni miezi mitano bila kupimwa shinikizo la damu. Hiyo si kosa la kompyuta, mama. Hiyo ni wewe na geti.

Sasa kuhusu neno wezi. Huko Nyakiriba kuna mkulima ambaye kila mwaka huuza viazi vyake mapema, kwa bei mbaya, ili watu saba wa nyumba yake wawe wamelipiwa wote. Mwaka ukapita, hakuugua hata mmoja. Pesa yake na ya wengine kama yeye ndiyo iliyompasua Cansilde. Pengine angeombwa angekubali. Hakuombwa. Hilo ndilo deni lako, wala usilipunguze kwa kujiambia kwamba mfuko wa bima ni wa serikali.

Lakini nimeripoti habari za mpakani hapa miaka mingi na siwezi kumwita mwizi mwanamke mwenye uchungu wa siku mbili. Mji ni mmoja, magonjwa hayaonyeshi kibali pale barrière, na mfuko wa afya unaishia kwenye kizuizi. Huo ni upungufu wa kweli, na kuna watu wanaolipwa mshahara kuujadili na kuurekebisha. Mimi nitaendelea kuwauliza. Wewe hukupewa kazi ya kuuziba kwa kitambulisho chako, na hakika si kwa tumbo lako.

Vénuste, najua unasoma. Ulikuwa hodari wa kutoa kitambulisho cha mke wako. Kuwa hodari sasa wa kwenda mwenyewe ofisi ya bima, na Cansilde kando yako, mkaombe faili lisahihishwe, gharama ya upasuaji ihesabiwe upya, na mlipe kidogo kidogo. Cansilde anauza vitenge. Alipe na yeye. Usajili wa Manzi utachukua muda na makaratasi mengi, anzeni hata hivyo, mtoto ana haki ya kuandikwa kwa mama yake. Adhabu itakuwa ipi sijui, na sitawadanganya kwamba haitakuwepo. Ninachojua ni kwamba anayekuja mwenyewe husikilizwa tofauti na anayekamatwa. Kazi ikipotea, hutafutwa nyingine.

Ila hayo ni ya wiki ijayo. Wewe, Mama Gwiza, usisubiri mume wako apate ujasiri. Kesho asubuhi mwite Nyirarukundo, mwambie yote, na umwombe akusindikize kituo cha afya. Mwanamke aliyekuja mlangoni mara nne atakuja na ya tano. Kabla hawajafungua kompyuta, sema: "Hilo faili si langu lote." Kisha panda kile kitanda ulichokikimbia.

Muuguzi akikuuliza kovu liko wapi, usiombe kwenda chooni. Mwambie liko Goma.