Bado Tunaishi Pale Pale

Mwanza,
28 Novemba 1974

Mdogo wangu Ng'washi,

Marahaba. Naitikia kabisa mapema, maana najua shikamoo yako iko njiani na mimi sina umri wa kungoja. Hujambo wewe? Shemeji yangu Longino hajambo na mgongo wake? Mwambie bado sijakubali kwamba ndizi ni chakula. Mimi na wifi yako Tereza miili ni mizima, isipokuwa magoti yangu, ambayo siku hizi yanalia kuliko mlango wa ghala la pamba.

Barua hii naiandika mwenyewe, nimekaa kwenye benchi nje ya wodi ya watoto wachanga. Mwalimu wa kisomo cha watu wazima alinipa cheti, akaniambia nisikionyeshe kwa watu. Ukiona herufi zimelala, ujue na mwandishi alitaka kulala.

Habari ya kwanza ni kwamba tulihamishwa. Wewe uliondoka Julai, tulipokwisha kumzika binti yetu Adventina pale nyumbani karibu na mama yetu. Agosti likaja lori, tukaambiwa sasa ni kukaa pamoja vijijini, na nyumba zetu zikachomwa moto tusirudi. Tuko Mwabulugu, nyuma ya vilima, saa tatu kwa miguu kutoka barabara ya Musoma. Nyumba zimepangwa mistari kama mahindi ya bwana shamba. Yangu ilikuwa na kuta nne na mbingu. Sikukuandikia kwa sababu niliona aibu, mzee mzima kupangwa mstari.

Habari ya pili ni mjukuu wako, huyu aliyeachwa na Adventina. Baba yake tusimtaje, naye hajatutaja. Ulimwacha ndani ya kile kisanduku cha kioo, ana kilo moja na robo, mdogo kuliko samaki sato ninayemkataa sokoni. Alikaa humo hadi mwisho wa Oktoba, akafika kilo mbili na kidogo. Ndipo nesi mkuu wa wodi, Teodora, mama mnene asiyecheka, akatuita mimi na Tereza akasema mtoto wa namna hii hapewi mtu kama furushi. Lazima wanaompeleka nyumbani wasome kwanza, wafaulu.

Basi nikasoma, uzee huu. Teodora alishona mwanasesere wa taulo, akamjaza mchanga hadi akawa na uzito wa mtoto, akanikabidhi nimnyweshe kwa kijiko. Nikamuuliza huyu naye baba yake yuko Dar es Salaam? Akaniambia ninawe mikono upya hadi kwenye viwiko. Tulifundishwa kuchemsha maji, kuchanganya maziwa ya kopo bila kuyapunja, kumfungia chupa za maji moto ndani ya kanga, ubavuni, zisimguse ngozi. Na kwamba watoto hawa husahau kupumua. Wakisahau, unawapigapiga unyayo kwa kidole, wanakumbuka. Nikasema hata shemeji yangu Longino hajafikia usahaulifu huo. Tereza akanikanyaga mguu.

Nilifaulu, Ng'washi. Tereza alifaulu kwa kujua, mimi kwa maneno mengi, lakini tulifaulu. Tukapewa makopo matatu ya maziwa. Teodora akasema kila Alhamisi atakuja kwa baiskeli yake kumpima mtoto na kuleta kopo jingine, kwa sababu dukani hakuna.

Wiki za kwanza mtoto alikuwa vizuri. Alinikodolea macho kama hakimu. Alisahau kupumua mara mbili, nikampiga unyayo, akakasirika. Kila Alhamisi Tereza alikaa mlangoni akiangalia njia. Teodora hakuja. Alhamisi ya pili hakuja. Mimi nikawa nafanya mzaha kwamba nesi amepata mchumba njiani. Kopo la mwisho lilipofika nusu, nilianza kuongeza maji. Baadaye nikaongeza maji zaidi, na uji mwepesi wa mtama. Mvua nazo zikaanza, na paa langu lilikuwa limeezekwa upande mmoja.

Sasa hapa nilikuwa nataka kupita haraka, lakini kalamu imegoma.

Teodora alikuja, mdogo wangu. Alikuja Alhamisi zote tatu. Siku ya mtihani aliuliza swali la mwisho, kama bado tunaishi pale pale palipoandikwa kwenye faili, karibu na Kisesa, kando ya barabara. Muda mfupi kabla yetu nilikuwa nimemsikia akimrudisha bibi mmoja wa kijiji kipya, kwamba angoje hadi nyumba iwe na paa na njia ipitike. Yule bibi alitoka analia. Mimi nikaona siwezi kungoja mlangoni na kusema mbele ya watu kwamba Maige hana paa. Nikajibu tuko pale pale. Tereza alitazama chini. Unamjua, hawezi kunikanusha mbele ya wageni.

Nilijua, kila Alhamisi, yule mama yuko wapi na baiskeli yake. Nilijua na nikaongeza maji kwenye maziwa. Nilijiambia nikimaliza paa nitakwenda nimchekeshe, anisamehe. Jumapili iliyopita nilikwenda pale nyumbani kukata nyasi za kuezekea. Karibu na kaburi la Adventina nikakuta makopo mawili ya maziwa yamefunikwa kwa mfuko, na karatasi imechomekwa kwenye uzio wa minyaa. Wino ulikuwa umelowa, lakini nilisoma. Aliandika kwamba amekuja mara tatu, kwamba mtoto asipopimwa atapotea, na aliuliza tumemweka wapi.

Usiku huohuo tulimbeba. Tulipofika hapa uzito wake ulikuwa umerudi karibu na ule aliozaliwa nao.

Jana Teodora alituita tena kwenye kile chumba cha masomo. Hakuleta mwanasesere. Alisema wamejaribu mrija, wamejaribu sindano, mwili haupokei. Tunaweza kubaki naye wodini, au kumchukua akae mikononi mwetu siku zilizobaki. Tereza akasema mikononi. Basi tumesoma upya: kumlowesha midomo kwa pamba, kumgeuza taratibu asiumie. Unyayo akasema sasa tusimpige. Sikufanya utani hata mmoja. Yeye hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Mwishoni akafungua daftari, akauliza tunaishi wapi, maana atakuja. Nikamwambia.

Tunatoka leo mchana. Barua hii itapanda meli ya jioni. Nimehesabu siku na hesabu haitoshi, lakini njoo. Ukishuka Kisesa usiende pale pale, pana majivu tu na makaburi. Ukinitukana nitakaa kimya, jambo ambalo hujawahi kuliona. Njoo na jina pia. Kadi yake bado imeandikwa Mtoto wa Adventina, na sitaki aondoke nayo hivyo.

Tereza anakusalimu sana. Msalimie shemeji, na umwambie ndizi nitakula.

Ni mimi kaka yako,
Maige

Kijiji cha Mwabulugu,
mstari wa tatu, nyumba ya kumi na saba.
Ina paa upande mmoja.