Maua Uliyong'oa Kando ya Maboga

Mjukuu wangu,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Huku Mshangano tu wazima, na mguu wa mama yako umepona. Lakini barua yako imenichosha! Umeng'oa maua yote ya porini kando ya shamba huko Tunduru, halafu unauliza kwa nini maboga hayazai?

Nami nilifanya hivyo nilipoolewa, baada ya vita vya Maji Maji, nikitaka nisifiwe kwa usafi. Ya njaa siyasemi. Maboga yalichanua, maua yakapukutika, tukapata boga moja tu. Mama mkwe, aliyezificha mbegu za maboga hayo tangu vitani, alinitazama.

"Nyuki umewafukuza. Haya, kesho uyazungukie maua ya maboga wewe badala yao."

Mizizi ya maua ya porini niliyoiacha ardhini kwa uvivu ilichipua mvua zilizofuata, nyuki wakarudi. Uvivu wangu ndio uliotulisha. Sasa wewe bidii hiyo umeirithi kwa nani?

Bibi yako