Dirisha la bei za mbuzi

Jumatatu usiku

Itangazwe rasmi kwa wananchi wote, kuanzia Ngaremara hadi Biliqo: dirisha la bei za mbuzi limetoweka.

Niliahidi chama cha wafugaji kwamba kesho, soko likianza, programu yangu itaonyesha bei kwenye kona ya skrini yao. Leo nikaifungua mbele yao. Hakuna kitu.

Mama Halima, mwenyekiti wao, akanitazama kwa huruma. "Mzee wangu, labda limefuata malisho."

"Linakuja, mama."

"Wallahi, hata ngamia akipotea huacha nyayo. Kesho tutatangaza bei kwa mdomo tu."

Fundi mkubwa nikabeba begi langu nikaondoka.

Ukweli ni huu. Nyumbani kompyuta yangu inatumia mfumo wa Linux, na huu wangu hupanga madirisha unavyotaka wenyewe. Kila nikiuamuru usogeze dirisha langu kulia, unanipuuza, nami kwa hasira nikawa naongeza namba ya umbali wa kulisogeza. Windows ya kompyuta yao haibishani na mtu. Ilinitii kabisa, ikalipeleka dirisha nje ya skrini.

Nimepunguza namba, nikampigia Mama Halima. Alicheka mpaka akakohoa. Kasema niende mapema, kabla mbuzi hawajafika.